Naomba ushauri: mama anaumwa kisigino na goti, anameza dawa tu

Habari zenu ndugu zangu. Mama anauza matoke soko la Nakawa hapa Kampala, anasimama kutwa kwenye saruji na ndala nyembamba. Kisigino kinamchoma hasa akikanyaga chini asubuhi, na sasa goti la mguu huohuo limeanza kuvimba, nadhani kwa kuchechemea. Yeye anameza diklofenaki, dawa za maumivu za dukani, na kusema ni uzee. Sikubali! Dawa hizo zikitumika muda mrefu huweza kudhuru tumbo na figo, naye tayari ana presha. Nataka apimwe mapema, kabla hajashindwa kutembea. Tuanzie hospitali ya Mulago, au CoRSU, ile hospitali ya mifupa na viungo pale Kisubi? Mazoezi ya tiba ya viungo yamemsaidia nani? Na nimshawishije, maana hataki kufunga biashara hata siku moja?