Eti tatizo si kompyuta, tatizo ni koo langu!

Mleta uzi
Wanajamvi, nawasalimu wote isipokuwa mmoja, naye anajijua, na ninyi pia mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Ni yule yule anayevaa hedifoni shingoni hata msibani, na anayejibu maswali katika makundi yote ya wanaorekodi nyumbani kana kwamba sauti yenyewe aliiumba yeye. Naandika mikono ikiwa bado inatetemeka, kwa hiyo mnivumilie.

Leo asubuhi niliweka kwenye kundi kipande kifupi cha hadithi ninayowasomea watoto, nikauliza kwa adabu zote kwa nini kuna mvumo chini ya sauti yangu. Nilieleza kila kitu: natumia kompyuta mpakato yenye Windows, narekodi kwa programu ya Audacity, kipaza sauti kimechomekwa kwenye tundu dogo la ubavuni, na chaja iko ukutani muda wote kwa sababu betri imechoka. Nilitegemea mtu aniambie niguse wapi. Bwana mkubwa akasikiliza, au alijifanya kusikiliza, kisha akaandika mbele ya watu wote: "Tatizo lako si kompyuta. Tatizo lako ni koo."

Koo! Koo hili hili lililosoma risala mbele ya mkuu wa wilaya bila kipaza sauti, umeme ukiwa umekatika! Koo lililowahi kuita daladala nikiwa Kimara, nayo imeshafika Ubungo, ikarudi!

Twende kwenye hoja. Mwanzoni mwa kipande kile kuna sekunde kadhaa ambazo sisemi neno, nimefumba mdomo, nasubiri kuanza, na mvumo upo vilevile. Sasa naomba mnisaidie: koo linavumaje likiwa limenyamaza? Tena niliuchukua ule ukimya nikauchorea grafu ya masafa, nikakuta kilele kimesimama kwenye hezi 50, na vingine vidogo kwenye 100 na 150. Hezi 50 ndiyo masafa ya umeme wa nchi hii. Kumbe koo langu limeunganishwa na gridi ya taifa, na siku ya mgao nitakuwa bubu!

Si kwamba alikosa la kusema. Angeweza kuniambia nichomoe chaja, nirekodi kidogo kwa betri, nisikie kama mvumo unaondoka. Angeweza kuniuliza kama soketi yangu ina ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, au kama ile nyongeza ya sauti ya kipaza sauti ndani ya Windows nimeiacha kwenye desibeli 30, ambako hata mbu wa chumba cha pili anasikika akipiga miayo. Hakuuliza. Aliandika "koo", akaweka kikatuni kinachocheka hadi machozi, na kabla kicheko hakijaisha akabandika bei ya kipaza sauti anachouza yeye. Nusu ya kundi wakacheka. Mama mkwe wangu yumo kwenye kundi lile.

Koo, jamani.

Popo wa Mchana
Pole, mkuu. Ila weka hicho kipande hapa tukisikilize wenyewe kabla hatujamlaani mtu, maana inawezekana kompyuta haina hatia.

Bi Mkubwa wa Tanga
Mimi nimo kwenye kundi hilo na nimekisikiliza. Mvumo ni wa chaja, hapo mleta uzi ana haki yake kamili. Lakini baada ya mvumo anaanza kusoma mtu, na mtu huyo, kwa heshima zote, alistahili kuulizwa kama amekunywa maji.

Mleta uzi
Nilijua wapambe wake watafika mapema. Mama, nimefumba mdomo na mvumo upo! Jibu hilo kwanza!

Fundi Asiyelipwa
Mleta uzi, hasira zisikupeleke kwenye kile kipengele cha kupunguza kelele ukakivuta hadi mwisho, maana utatoka na sauti ya mtu aliyetumbukia mtungini. Ondoa chanzo kwanza, kisha usafishe kidogo kilichobaki. Ila huyo bwana hata mimi namdai. Nilimpelekea mahojiano niliyorekodi kwa sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde, yeye akayachezesha kwa 44,100, mgeni wangu, dada wa makamo mwenye sauti nyembamba, akatoka na besi ya mzee anayesinzia, na mahojiano ya saa moja yakarefuka kwa zaidi ya dakika tano. Nilipolalamika akanijibu kwamba mgeni alikuwa na mafua.

Mleta uzi
Mnaona? Jana mafua, leo koo!

Kalamu Kavu
Hayo yenu ni madogo. Mimi mteja aliniletea flashi yenye faili moja tu la .aup, lililotoka kwenye Audacity ya zamani, bila folda yake ya data. Ninafungua nakuta mistari iliyonyooka na ukimya mtupu, halafu ananisingizia kwamba nimemfutia kaswida za msimu mzima. Faili lile lilibeba maelekezo tu, sauti yenyewe ilikaa kwenye folda. Toleo la 3.0 la mwaka 2021 liliviweka vyote ndani ya faili moja la .aup3, lakini wateja wangu hawataki kusikia habari za matoleo.

Jirani wa Kuku
Afadhali wewe una mteja. Mimi nikiimba juu ya mdundo najisikia kwenye hedifoni nikiwa nimekwisha kufunga mdomo.

Fundi Asiyelipwa
Hiyo ni bafa kubwa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kwanza kabla ya kulipitisha. Sampuli 1,024 kwa 44,100 peke yake ni milisekunde 23 hivi, na bado hujahesabu njia ya kurudi. Ishushe hadi sampuli 128, ambazo ni kama milisekunde 3.

Jirani wa Kuku
Niliishusha, sauti ikaanza kupasukapasuka. Nikaipandisha kidogo, ikatulia, ndipo jogoo wa jirani akawika katikati ya ubeti uliokuwa umenyooka kuliko yote.

Kalamu Kavu
Jogoo huwezi kumchuja, kwa sababu anawika mle mle inamokaa sauti ya mtu. Huo ubeti rudia tu.

Mleta uzi
Samahani, tulikuwa tunazungumzia koo langu.

Popo wa Mchana
Tumekusikia, mkuu, chomoa chaja. Huyu wa jogoo, je, umejaribu kurekodi saa nane usiku?

Jirani wa Kuku
Saa nane usiku ni zamu ya mbwa. Hivi kile kipaza sauti alichokibandikia bei bado kipo?