Kielfu SIO lugha moja, acheni kutuuzia mchanganyiko wa ajabu

Wakuu heshima kwenu. Mods naomba msiunganishe huu uzi na ule wa tattoo, hili ni suala la lugha.

Nimepigwa. Kuna jamaa huko mtandaoni anajitangaza anatafsiri "Kielfu", lugha ya wale viumbe wasiozeeka (elves) wa Tolkien, yule mwandishi wa The Lord of the Rings, nikamtumia elfu themanini (ndio, elfu kwa Kielfu, chekeni tu) anipe maneno ya kuchora kwenye pete ya wife, "nyota na mti", basi. Karudisha "elen ar galadh". Mi nikaamini, fundi akachora, ndo baadae nakaa nasoma nagundua elen ni Quenya na galadh ni Sindarin, lugha mbili tofauti!! Ni sawa umwombe mtu Kizulu akupe nusu Kizulu nusu Kikuyu halafu aseme si vyote Kibantu.

Na ndo alichonijibu kweli, "zote Kielfu bro".

Sasa bro sikiliza. Ile ni FAMILIA ya lugha, ina bibi mmoja na wajukuu kibao: Quenya, Telerin, Sindarin, Nandorin na wengine. Mzee Tolkien kakaa kapanga sauti zinavyobadilika kwa kanuni, kama sisi tulivyo na mtu, Wakikuyu mũndũ, Wazulu umuntu, unaona kabisa ni damu moja lakini huwezi kuchanganya ovyo. Neno la zamani la mti lilikuwa galadā, Quenya wakaangusha ile G ikawa alda, Sindarin wakabaki nayo ila mkia ukakatika na D ikalainika ikawa galadh. Baba ni atar huku, adar kule. Kusema, huku quet-, kule ped-, maana kw ya zamani Sindarin iligeuka p. Hata wingi hawafanani, Quenya anaongeza mwishoni, elen eleni, Sindarin anageuza irabu za ndani, adan edain. Quenya mzee aliitoa kwenye mapenzi yake na Kifini, Sindarin kwenye Kiwelshi. Hivi hapo mtu anachanganyaje??

Kinachoniuma zaidi huyo huyo anauza kozi, "ongea Kielfu ndani ya siku 30". Ndugu yangu, mwenyewe Tolkien alianza Quenya kwenye 1915 hivi na mpaka anafariki 1973 alikuwa bado anafuta na kuandika upya, hiyo Sindarin yenyewe kabla haijaitwa hivyo ilikuwa inaitwa Noldorin na historia yake ndani ya hadithi ilikuwa nyingine kabisa. Maneno mengi ya kawaida ya kila siku hakuyaacha, mashabiki wanayaunda wenyewe kutoka kwenye mizizi na walio waungwana wanakwambia kabisa hili tumelitunga sisi. We siku 30 unamfundisha mtu kuongea nini, kusalimia nyota?

Hela sidai tena, kashaniblock. Shida ni pete. Anniversary Jumamosi na wife ndo kanizidi kwa haya mambo, ataona tu. Fundi anasema anaweza kusaga ile G ikapotea lakini itabaki "aladh", sio ya huku wala ya kule. Mwenye fundi mzuri wa silver maeneo ya Kariakoo aje PM haraka.