Paka wangu amegundulika ana kisukari: nichague Lantus, Caninsulin au Mixtard?

Mlezi wa Zafarani (Mji wa Kale)

Assalamu alaikum, na salamu kwenu nyote wapenzi wa paka.

Zafarani ni dume aliyehasiwa, ana umri wa miaka 10 na uzito wa kilo 5.2. Kwa muda wa mwezi mmoja amekuwa akinywa maji kupita kiasi, hata bakuli nililozoea kulijaza asubuhi likawa linakauka kabla ya adhuhuri, nami nikadhani ni joto la Kaskazi tu. Kilichonishtua ni mwendo wake. Paka ambaye siku zote hutembea kwa ncha za vidole alianza kulaza nyayo nzima za miguu ya nyuma sakafuni, na kibarazani kwetu, ambako alizoea kuruka, sasa hupanda kwa kujivuta. Daktari wa wanyama alipima damu akapata sukari ya 24.8 mmol/L, mkojoni sukari ilikuwamo, lakini ketoni, yaani asidi zinazotokea mwili ukichoma mafuta badala ya sukari, hazikuwamo. Alinieleza kwamba mwendo huo unatokana na mishipa ya fahamu iliyoathiriwa na sukari, na kwamba aghalabu hurudi polepole sukari ikidhibitiwa.

Ameagiza sindano ya insulini, uniti 1 kila baada ya saa 12. Aina mbili ameniachia nichague: Caninsulin, ambayo ni ya mifugo na ataniagizia, au Lantus ya binadamu, inayouzwa katika maduka ya dawa hapa mjini. Jamaa zangu nao wanauliza kwa nini nisitumie Mixtard, insulini ya mama yangu, ambayo tayari imo jokofuni. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliowahi kudunga paka wao wenyewe.

Mkaazi wa Tudor

Wa alaikum salaam. Pole sana, na usijilaumu kwa kuchelewa, maana dalili za mwanzo humpita kila mtu.

Naanza na Mixtard, kwa kuwa mimi ndiyo niliyoanza nayo. Ile ni mchanganyiko: asilimia 30 ni insulini ya kazi ya haraka na asilimia 70 ni ya kazi ya wastani, na imepangwa kufuatana na mlo wa binadamu, aketiye akala sahani moja akaondoka. Mwili wa paka huitumia na kuimaliza insulini ya wastani upesi kuliko mwili wetu. Matokeo yake niliyaona kwa macho yangu: sukari ilikuwa ikiporomoka saa chache baada ya sindano, kisha kabla ya sindano ya pili imekwisha kupanda juu kabisa, na paka wangu alikuwa mnyonge asubuhi na mwenye kiu jioni. Nilihangaika hivyo wiki sita kabla ya daktari kunibadilishia. Dawa ya mama yako mwachie mama.

Lantus, yaani insulini ya glajini, hutenda kwa njia nyingine. Ndani ya chupa ina uasidi kidogo, na inapoingia chini ya ngozi, ambako hakuna uasidi huo, huganda kuwa chembe ndogo sana zinazoyeyuka polepole. Ndiyo maana kushuka kwa sukari huwa kwa mteremko mpole badala ya kuporomoka. Ndiyo maana vilevile haifai kuchanganywa na maji wala na insulini nyingine, hata mtu akiona kwamba uniti 1 ni kidogo mno kuvuta. Ukiizimua, umeiharibu.

Mfamasia wa Makupa

Ninaunga mkono yaliyosemwa, lakini kuna jambo ambalo ni zito kuliko jina la dawa, nalo ni sindano.

Caninsulin ni ya nguvu ya U-40, yaani mililita moja ina uniti 40. Lantus ni U-100: mililita moja ina uniti 100. Kila moja ina bomba lake la sindano, na alama za bomba moja hazisemi ukweli kwa dawa ya pili. Ukivuta Lantus hadi alama ya 1 kwa bomba la U-40, utakuwa umevuta uniti 2.5. Ukifanya kinyume chake, paka atapata chini ya nusu ya dozi yake. Kwa kawaida kifuniko cha bomba la U-40 ni chekundu na cha U-100 ni cha rangi ya chungwa, lakini usitegemee rangi peke yake. Soma maandishi yaliyo ubavuni mwa bomba kila unaponunua pakiti mpya, hata kama muuzaji ni yule yule.

Ukichagua Lantus, tafuta bomba dogo la mililita 0.3 lenye alama za nusu uniti. Kwa paka, tofauti ya uniti 1 na 1.5 ni kubwa, na katika bomba la mililita 1 tofauti hiyo huionei hata ukivaa miwani. Kalamu ya Lantus, yaani sindano iliyokwisha kujazwa dawa, huhesabu uniti nzima nzima tu, kwa hiyo nusu haiwezekani.

Bint Likoni

Nathibitisha maneno ya mfamasia kwa uchungu. Mwaka wa kwanza wa ugonjwa wa paka wangu, duka moja la dawa lilinipa mabomba ya U-40 badala ya U-100, nami sikusoma. Nilivuta hadi alama ya 2 kama kawaida, kumbe nimemdunga uniti 5. Baada ya saa tatu nilimkuta uvunguni mwa kitanda, kichwa kinayumba, miguu haimshiki, macho yamemtoka na mboni zimejaa. Nilimpaka asali kwenye ufizi kwa kidole, kidogo kidogo, nikampeleka kwa daktari nikiwa nimemfunga katika kanga. Alipona. Tangu siku hiyo chupa ya asali hukaa kando ya dawa, si jikoni. Na ikitokea paka ana degedege, msimmiminie kitu chochote kinywani, kwani kitaingia mapafuni. Mpakeni ufizini tu na mwondoke mara moja.

Kuna jambo lingine ambalo naona hamjaligusa. Caninsulin inatokana na kongosho la nguruwe. Nilipolijua hilo nilimwuliza imamu wa mtaani kwetu, naye akanirudishia swali: je, ipo nyingine isiyotokana na nguruwe, na yafaa? Nikamwambia ipo, hutengenezwa maabara kwa bakteria. Akasema basi sina haja ya kutafuta ruhusa. Sisemi kwamba kila mtu ajibiwe hivyo, lakini kwa nyumba ya Kiislamu ni vyema mtu alijue kabla ya kufungua chupa.

Mkaazi wa Tudor

Ahsante, Bint Likoni. Hilo la nguruwe ni kweli, na ni haki ya mwenye paka kuambiwa.

Hata hivyo nisingependa Caninsulin ionekane mbaya. Imeidhinishwa kwa paka, wapo wengi waliodhibitiwa nayo vizuri, na kuvuta dozi ndogo kwa U-40 ni rahisi zaidi kwa kuwa ujazo wake ni mkubwa. Udhaifu wake ni kwamba kwa paka wengine haifiki saa 12, na hushusha sukari kwa kasi kuliko Lantus, kwa hiyo chakula na sindano ni lazima viende pamoja bila kuachana. Insulini nyingine ya U-40 iliyotengenezewa paka ni ProZinc, isiyotokana na nguruwe, na hudumu vizuri. Ukiweza kuipata bila kukatikiwa, ni chaguo jema. Mimi sikuweza, na dawa ya sukari inayokosekana wiki mbili ni hatari kuliko dawa ya daraja la pili inayopatikana kila siku.

Paka Watatu (Bamburi)

Nami niongeze la hali ya hewa yetu, maana maelezo mengi yameandikwa na watu wa nchi za baridi.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na isigande kamwe. Lantus iliyofunguliwa, mtengenezaji anasema isizidi nyuzi 30 na itumike siku 28. Sasa, chumba cha nyumba ya mabati au ghorofa ya juu mwezi wa Februari hapa Mombasa hupita nyuzi 30 bila shida. Kwa hiyo yangu hukaa jokofuni wakati wote, katikati ya rafu, mbali na sehemu ya barafu na si mlangoni. Kalamu moja ina uniti 300, na paka wa uniti 2 kwa siku angehitaji miezi mitano kuimaliza. Daktari wangu aliniruhusu kupita siku 28 madhali imekaa kwenye baridi mfululizo na ingali angavu kama maji. Ikionyesha ukungu au vipande, naitupa. Muulize wako, usichukue ruhusa ya wangu.

Umeme ukikatika, usifungue jokofu. Ukikatika muda mrefu, tumia chombo cha kuhifadhi baridi chenye barafu, na chupa uizungushie kitambaa isigusane na barafu. Nimesikia wanaoshauri mtungi. Mtungi hupoza kwa maji yake kukauka hewani, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo hupoza kidogo tu. Maji ya kunywa, sawa, insulini, hapana.

Halafu, jifunze kupima nyumbani. Paka akiwa na hofu kliniki, sukari yake hupanda kwa hofu peke yake, na unaweza kuongezewa dozi asiyoihitaji. Mimi hupasha sikio joto kwa soksi yenye mchele uliopashwa moto, napaka mafuta ya mgando kidogo sana ili tone la damu lisimame badala ya kusambaa manyoyani, kisha nachoma ukingoni, nje kidogo ya ule mshipa unaoonekana ukiweka tochi nyuma ya sikio. Mashine ya binadamu hufaa, ila kwa damu ya paka husoma chini ya ukweli, basi daktari wako ajue unatumia ipi.

Mlezi wa Zafarani

Nimefarijika kuliko ninavyoweza kueleza. Nina maswali mawili. Kwanza, Zafarani amelelewa kwa wali na mchuzi wa samaki, na dagaa wa Marikiti. Je, nibadilishe sasa hivi? Pili, nifanye nini akikataa kula saa ya sindano ikifika?

Mkaazi wa Tudor

Wali uondoke, lakini usiondoke kwa siku moja. Paka ni mla nyama, na chakula chenye wanga mdogo na nyama nyingi kinaweza kupunguza haja yake ya insulini kwa kiasi kikubwa. Ukibadilisha chakula ghafla huku dozi imebaki vile vile, sukari yaweza kushuka mno. Punguza polepole kwa wiki moja au mbili, ukipima. Samaki mbichi si wa kila siku, kwa kuwa baadhi ya samaki wana kimeng'enyo kinachoharibu vitamini B1. Na kuku wa kuchemsha peke yake hakidhi mahitaji yake yote, hivyo chakula kamili cha makopo kisicho na mchuzi mzito ndicho msingi.

Kuhusu kukataa kula: mpe chakula kwanza, mdunge akiwa anakula. Asipokula kabisa au akitapika, usimdunge dozi kamili, mpigie daktari. Ukishindwa kujua kama sindano imeingia au imemwagika manyoyani, usirudie. Sukari ya juu kwa saa 12 atavumilia, sukari ya chini yaweza kumuua usiku huo huo.

Na usiongeze dozi kila uonapo namba kubwa. Insulini huchukua siku kadhaa kutulia mwilini. Mimi na daktari wangu tulipima kila saa mbili kwa saa 12, tukatazama namba ya chini kabisa, na hatukuongeza zaidi ya nusu uniti kwa wiki. Namba hiyo ya chini tulitaka iwe baina ya 4.4 na 8.3. Baadhi ya paka, hasa wanaodhibitiwa vizuri katika miezi ya mwanzo, kongosho zao huamka tena na insulini husimamishwa. Wangu alifika hapo mwezi wa tano.

Mfamasia wa Makupa

Kuna anayeniuliza kando kuhusu dawa za kunywa. Nchini Marekani vidonge vya Bexacat viliidhinishwa mwezi wa Desemba 2022, na Senvelgo, ambayo ni ya maji, mwaka 2023. Hutoa sukari kupitia mkojo. Hazifai kwa paka aliyekwisha kutumia insulini, na zinaweza kuleta sumu ya ketoni hata sukari ikiwa inaonekana ya kawaida, kwa hiyo si njia ya kukwepa sindano bila usimamizi wa karibu. Rafuni mwangu sijawahi kuwa nazo.

Mlezi wa Zafarani

Leo ni siku ya nne. Tumechukua Lantus, na mabomba ya mililita 0.3 niliyoyasoma ubavuni mara tatu mbele ya muuzaji. Saa za sindano ni saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Ya jioni huja baada tu ya swala ya Magharibi, hivyo hakuna nyumbani anayeweza kuisahau. Mama, aliye na Mixtard yake, ndiye aliyenionyesha namna ya kubana ngozi ya mgongoni kuwa hema dogo na kuingiza sindano chini yake. Zafarani hakuinua hata kichwa kutoka kwenye sahani. Asubuhi hii alikuwa na 17.9, na bakuli la maji lilipofika adhuhuri lilikuwa limebaki nusu. Dozi ingali uniti 1, nami nitapima Jumamosi nzima kila saa mbili, kisha nitawaletea namba zote hapa.