Mkimbiaji wa marathoni atundike viatu lini, na akishatundika aanzie wapi?

Mdau wa Riadha
Wakuu, naomba mwongozo kwa wanaoujua mchezo huu kwa ndani. Tuchukue mkimbiaji wa kiume mwenye miaka 37 aliyewahi kukimbia 2:06 (saa mbili na dakika sita). Mbio zake tatu za mwisho ni 2:08, 2:10 na 2:11, na mkataba wa viatu unaisha Desemba mwakani. Kuna wanaomwambia aache sasa jina likiwa bado lina uzito, na kuna wanaosema pumzi bado anayo. Apime kwa kipimo gani? Na akiacha, ashike nini?

Kocha wa Vumbi
Mkuu, umri uweke pembeni kwanza. Edna Kiplagat alishika nafasi ya tatu Boston 2024 akiwa na miaka 44. Alphonce Simbu wa Tanzania alipata shaba ya dunia London 2017, na dhahabu akaja kuichukua Tokyo 2025, miaka minane baadaye.

Tazama kilomita 7 za mwisho. Chukua muda wake wa kumaliza, toa muda aliopita kilomita 35, gawanya kwa 7.195, yaani kilomita zilizobaki. Mfano: kapita 35 kwa 1:46:00 na kumaliza kwa 2:11:00. Hizo ni dakika 25, yaani kama 3:28 (dakika 3 na sekunde 28) kwa kila kilomita, na kabla ya hapo alikuwa anakwenda 3:02. Huyo kasi anayo, ila miguu inakatika.

Sasa fungua daftari la mazoezi. Katika wiki 12 kabla ya mbio, alimaliza mbio ndefu ngapi za kilomita 35 hadi 40? Kama alimaliza zote na bado anakatika palepale, mwili umeshasema. Kama nusu alizikosa kwa sababu ya kano ya kisigino, hapo tatizo ni jeraha. Atibiwe, apewe msimu mmoja kamili, kisha apime upya.

Kama alipungua sawasawa tangu mwanzo, 3:06 kilomita ya kwanza hadi ya mwisho, basi kasi ndiyo imekwisha. Bado anaweza kutafuta nafasi Boston na New York, kwenye vilima na bila waweka kasi (wakimbiaji wanaoajiriwa kuongoza mwendo), ambako mbinu ina thamani kuliko saa. Na msilinganishe muda wa huko na wa Berlin, ambako njia ni tambarare.

Jambo moja watu hulisahau: viatu. Kama ile 2:06 aliikimbia kwa viatu vya zamani, kabla ya hivi vyenye bamba la kaboni vilivyoenea kuanzia 2017, basi 2:11 ya leo ni anguko kubwa kuliko dakika tano zinazoonekana.

Karani wa Mikataba
Naongezea upande wa karatasi, maana huko ndiko wengi hujikwaa.

Kustaafu hakuishii kwenye kutangaza redioni. Kama yumo kwenye orodha ya wanaopimwa dawa za kusisimua misuli bila taarifa, lazima aandike barua ya kustaafu kwa wanaomsimamia: AIU (kitengo cha uadilifu cha riadha ya dunia), au ADAK (wakala wa Kenya wa kupambana na dawa hizo), au wote wawili. Asipoandika, wajibu wa kueleza alipo kila siku unaendelea. Akikosa mara tatu ndani ya miezi 12 (kutokupatikana au kutojaza taarifa), hilo ni kosa la kufungiwa, hata kama viatu alishagawa.

Na akishaandika, kurudi si rahisi. Anatakiwa atoe taarifa miezi 6 kabla, na muda wote huo awe tayari kupimwa. Haile Gebrselassie alitangaza kuacha baada ya goti kumtoa New York 2010, siku chache baadaye akabadili mawazo, na akaendelea hadi 2015. Kwa hiyo asiamue akiwa na maumivu. Asubiri wiki 6 hadi 8 baada ya mbio, aongee na kocha na familia, ndipo asaini.

Mkataba nao ausome upya leo, asingoje Desemba. Atafute kifungu cha makato ya malipo asipofikisha idadi ya mbio au muda fulani. Kwa mwaka uliobaki, atangaze kuaga akiwa bado ndani ya mkataba, maana hapo kampuni ina sababu ya kujadiliana naye kazi ya balozi.

Mdau wa Riadha
Asanteni sana. Je, kazi ya kuweka kasi? Na anataka kununua ekari tatu nje ya Eldoret.

Kocha wa Vumbi
Kuweka kasi kunamfaa sana. Asilenge kundi la kwanza la wanaume. Aombe kuongoza wanawake kwenye mbio za mchanganyiko. Kasi ya 2:18 ni 3:16 kwa kilomita, na mtu wa 2:11 anaihimili hadi kilomita 30 bila kuumia. Ila anayeweka kasi naye ni mshindani kisheria, kwa hiyo barua ya kustaafu isitumwe mpaka kazi hiyo iishe. Katikati yake asome kozi ya ukocha ya ngazi ya kwanza kupitia shirikisho.

Siku akiacha kabisa, asikate ghafla. Kutoka kilomita 180 kwa wiki ashushe robo kila wiki tatu hadi abaki na 40 au 50. Tumbo huchelewa kujua kwamba mazoezi yamepungua, na usingizi na furaha navyo huvurugika.

Karani wa Mikataba
Kuhusu ekari: kwanza aweke pembeni fedha taslimu za matumizi ya nyumbani ya miezi 24, karo ikiwemo. Zawadi za mbio huchelewa hadi majibu ya vipimo yatoke, asizihesabu kama ziko mfukoni. Kisha afanye upekuzi wa hati yeye mwenyewe kwenye masjala ya ardhi, asipokee karatasi ya upekuzi iliyoletwa na muuzaji. Apime mipaka na mpima ardhi mwenye leseni, apate idhini ya mwenzi wa muuzaji. Kama ni shamba la kilimo, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Bila idhini hiyo mauzo ni batili. Alipe kwa benki, na salio litoke baada ya idhini.