Mjadala: Je, kiwango cha .375 kwa kuwinda nyati kipandishwe?

Mchangiaji aliyetangulia ametaja nyati wawili waliotoroka na majeraha, akapendekeza kwamba bunduki ya .375 (namba hii ni kipenyo cha risasi kwa inchi), ambayo hapa Tanzania ndiyo kiwango cha chini kwa wanyama hatari, isiruhusiwe tena kwa nyati, na kila mwindaji abebe .416 au .458. Kwa heshima zote, naona kipenyo kinabebeshwa lawama isiyo yake.

Risasi ya .375 ya kampuni ya Holland & Holland, iliyotoka Uingereza mwaka 1912, hurusha kichwa, yaani kipande kinachoruka kumpiga mnyama, cha gramu 19 hivi; .458 Winchester Magnum, ya mwaka 1956, hurusha cha gramu 32. Tofauti hiyo ni kubwa, sikatai. Lakini nilipokuwa mfuata nyayo upande wa Pori la Akiba la Rungwa, nyati mmoja alipigwa begani kwa .375 akatokomea vichakani, nasi tukafuata damu tangu asubuhi hadi alasiri. Tulipomchuna tulikuta koti la shaba, yaani ganda la nje la kichwa, limebanduka, na madini ya risasi yametapakaa nyamani kama punje za uwele, mfupa wa bega ukiwa na ufa tu. Mgeni wetu aliyekuja kuwinda alikuwa amebeba risasi laini, zinazopanuka zikigonga, za kuwindia swala aina ya pofu. Risasi hiyohiyo ya .375, yenye kichwa cha shaba tupu au ambacho koti lake limegandishwa na kiini, ingeuvunja mfupa ule na kufika moyoni.

Risasi ngumu, ile isiyopanuka, nayo ina mahali pake. Kwa fuvu la tembo haina mbadala, ila katikati ya kundi la nyati humtoboa mmoja na kumjeruhi aliye nyuma yake, ndiyo maana wawindaji bingwa wengi hutanguliza laini iliyo imara, kisha ngumu zikafuata. (Atakayenitajia Bell, Mskoti aliyeangusha mamia ya tembo kwa bunduki ndogo ya milimita 7, akumbuke kwamba alilenga ubongo, kwa risasi ngumu.)

Tena .458 hupiga bega la mfyatuaji kwa nguvu, na asiyeizoea hufumba macho kabla hajafyatua.

Napendekeza kabla ya kuingia kitalu cha uwindaji visanduku vya risasi vikaguliwe pamoja na bunduki, na mgeni apige shabaha walau mara tatu. Nakuuliza basi, ndugu yangu: nyati wako wale wawili walipigwa kwa kichwa cha aina gani?