Tupeane uzoefu: Kuitembelea Duluth bandari inapoamka, Machi na Aprili

Karani wa Gati

Ndugu zangu, wageni wetu wengi wanaofika Minnesota hupelekwa Duluth, mji wa bandari ulioko kwenye Ziwa Superior huko Marekani, mwezi wa saba, jua likiwaka na vyumba vya hoteli vikiwa vimepanda bei. Mimi nashikilia kwamba anayependa bandari aende kati ya wiki ya mwisho ya Machi na mwisho wa Aprili. Malango ya kupandishia na kushushia meli ya Sault Ste. Marie, ambayo ndiyo njia pekee ya kutoka Ziwa Superior kwenda maziwa ya chini, hufungwa tarehe 15 Januari ili yafanyiwe matengenezo, na hufunguliwa tarehe 25 Machi. Katika muda huo meli kadhaa hufunga kamba Duluth na katika mji jirani wa Superior, ulioko ng'ambo ya ghuba upande wa Wisconsin, na mafundi huchomelea mabamba na kufungua mitambo ambayo haiguswi meli ikiwa kazini. Siku zinazozunguka tarehe hiyo ya kufunguliwa, meli hizo huanza kutoka moja baada ya nyingine, huku meli ya kuvunja barafu ya walinzi wa pwani ikiwa imekwisha kuzifungulia njia.

Kilindini nilihesabu shehena kwa miaka mingi, lakini sikupata kuikaribia meli iliyo safarini kwa namna inayowezekana pale. Mfereji wa kuingilia bandarini una upana wa takribani mita 91, na meli kubwa za kubeba madini ya chuma zina urefu wa zaidi ya mita 300 na upana wa mita 32. Ukisimama kwenye ukuta wa mfereji unasoma namba nyeupe za kina cha maji zilizoandikwa omoni, unaona mahali rangi ilipobanduka na kutu kuanza, na unasikia mabonge ya barafu yakisagika kati ya ubavu wa meli na ukuta. Kabla ya hapo kengele za daraja linalovuka mfereji zimelia, vizuizi vimeshuka, magari yamepanga foleni, na sehemu yote ya kati ya daraja imepanda juu takribani mita 41 kwa muda wa dakika moja hivi. Nahodha anapiga honi, na daraja linamjibu kwa mlio ule ule. Daraja hilo lilijengwa mwaka 1905 likiwa na behewa lililoning'inia, ambalo lilivusha watu na mizigo, na ndipo mwaka 1929 ikaanza kazi ya kuligeuza kuwa la kupanda na kushuka.

Wenzangu mliowahi kwenda majira hayo, tupeane uzoefu. Hali ya hewa mliikutaje, watoto walistahimili, na kuna lipi la kufanya siku ambayo meli haipiti?

Mama Pacha

Shikamoo mzee. Nitaanza na mavazi, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoumbuka. Kutoka Minneapolis ni mwendo wa kilomita 240 hivi kwa barabara ya I-35, na mara nyingi mnaondoka watu wakiwa wamevaa sweta tu. Mkifika mlima wa Thompson, pale penye kituo cha mapumziko, ziwa lote linaonekana chini yenu na jua bado linapendeza. Mkiteremka hadi Canal Park, mtaa ulioko kando ya mfereji, upepo wa mashariki unakuwa umepita juu ya maji yaliyo nyuzi moja au mbili tu juu ya kuganda, na ukungu umefunika hata ncha ya daraja. Wenyeji wanajua kabisa kwamba utabiri wa hali ya hewa wa mlimani si utabiri wa ufukweni, ndiyo maana utawaona mtu na koti lake kubwa kwenye buti ya gari hadi mwezi wa tano. Atakayewaambia kwamba Aprili ni mwisho wa theluji mkumbusheni Aprili 2013, ambapo Duluth ilipata inchi 50.8, yaani takribani sentimita 129, kiasi ambacho mji huo haukuwa umepata katika mwezi wowote uliotangulia.

Watoto wangu walichokipenda kuliko meli ni barafu yenyewe. Upepo unapogeuka na kuvuma kutoka ziwani, husukuma tabaka jembamba la barafu hadi ufukweni, likavunjika vipande vyenye kingo kali, vikapandana hadi kufikia kimo cha mtoto na kuzidi. Ukikitazama kipande kimoja dhidi ya jua unakikuta kinapitisha mwanga kama kioo cha dirisha, na vinapoteleza hulia kwa mlio mwembamba usiokatika. Tafadhali msiwaruhusu watoto kupanda juu ya rundo wala kutembea kwenye barafu iliyoshikana na ufukwe, kwa sababu upepo ule ule ukigeuka huibeba yote kwenda ndani ya ziwa.

Kuhusu siku isiyo na meli, kuna jumba la maonyesho ya ubaharia kando ya mfereji, linaloendeshwa na Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani, na kuingia ni bure. Saa za kufungua majira hayo ni chache, basi ulizieni kwanza. Ile meli ya zamani iliyogeuzwa makumbusho, William A. Irvin, huwa haijafunguliwa.

Dereva wa Masafa

Naunga mkono, ila naongeza habari ya barabara. Ardhi iliyoganda inapoanza kuyeyuka, Minnesota hupunguza uzito ambao malori yanaruhusiwa kubeba katika barabara nyingi, kwa kuwa udongo chini ya lami umelowa na haushiki. Kwa mwenye gari dogo, maana yake ni mashimo. Endesheni pole pole, hasa mkiwa mnapanda zile barabara za mlimani za mjini, ambazo zinateremka moja kwa moja kuelekea majini.

Mkiwa na nusu siku, fuateni barabara ya 61 kandokando ya ziwa mpaka maporomoko ya Gooseberry. Mwezi wa nane maji huwa membamba, lakini theluji inapoyeyuka mto hujaa, rangi yake inakuwa ya chai kavu, na mvuke wake unalowesha miwani. Njia za miguu za ndani ya msitu zina matope, na baadhi hufungwa ili zisiharibiwe. Nina kinyongo kimoja tu: hoteli fulani iliniuzia chumba cha kutazama ziwa, kumbe ziwa lenyewe linaonekana ukisimama bafuni.

Mbio za Bondeni

Mimi sikubaliani na mada. Nendeni mwezi wa sita, kwenye mbio za Grandma's Marathon zinazoanzia karibu na mji wa Two Harbors na kumalizikia Canal Park. Mwaka 2014 Mkenya Dominic Ondoro alimaliza kwa saa 2:09:06 na kuivunja rekodi ya mbio hizo iliyodumu tangu 1981. Meli nitaziona huko huko, nikiwa nimevaa fulana.

Mtoto wa Mwanza

Ndugu wa Bondeni, mwezi wa sita utakuwa umewakosa samaki, na mimi hao ndio wanaonipeleka.

Nimekulia kando ya Ziwa Viktoria, ambalo lina takribani kilomita za mraba 68,800, na nilidhani najua ziwa kubwa ni lipi. Superior lina kama 82,100, na kina chake hufika mita 406 wakati letu halizidi mita 85. Meli yetu ya MV Mwanza, tunayojivunia, ina urefu wa mita 92 hivi. Ukiipanga mara tatu bado haijafikia meli moja ya madini ya pale. Hayo ni ya takwimu. Ya samaki ni haya.

Kuanzia mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei, maji ya midomo ya mito yanapopata joto kidogo, samaki wadogo wa rangi ya fedha wanaoitwa smelt husogea ufukweni usiku ili kutaga. Watu huenda Park Point, ule ulimi wa mchanga wenye urefu wa kilomita 11 hivi ng'ambo ya daraja, wakiwa na kokoro la kukokotwa na watu wawili. Mmoja husimama karibu na ukingo, mwingine huingia hadi kifuani akiwa na suruali ya mpira, anazunguka polepole, kisha wote wanavuta kuelekea nchi kavu huku taa za kichwani zikiangaza mfuko wa wavu. Wakiwa wabichi kabisa samaki hao hunuka tango. Nilibisha mpaka nilipopewa mmoja niunuse. Hukatwa kichwa, hutolewa matumbo kwa kidole gumba, huvingirishwa kwenye unga na kukaangwa wakavu, nawe unamla na miba yake kama ulavyo dagaa. Smelt si wenyeji wa Superior, waliingia karne iliyopita, kama ambavyo sangara aliletwa kwetu. Wazee wa pale husema kwamba zamani walijaza ndoo kwa mkokoto mmoja, na kwamba siku hizi unaweza kukesha ukaambulia kitoweo cha usiku mmoja. Kateni leseni ya uvuvi kwanza, maana maofisa wa wanyamapori hupita.

Binti Sayari

Hakuna aliyetaja kona ya First Street na Second Avenue East, nami naona Mwafrika anayefika Duluth asiipite. Tarehe 15 Juni 1920, kundi la maelfu ya watu lilivunja jela na kuwanyonga vijana watatu weusi waliokuwa wafanyakazi wa sarakasi: Elias Clayton, Elmer Jackson na Isaac McGhie, kwa tuhuma ya ubakaji isiyokuwa na ushahidi. Ukumbusho wao ulifunguliwa mwaka 2003, ukiwa na sanamu za wote watatu ukutani. Nilipofika kulikuwa na theluji chafu iliyosukumwa kando ya njia, na mwalimu mmoja alikuwa amewaleta wanafunzi wake, akiwasomea majina kwa sauti. Ni mwendo mfupi tu kutoka kwenye daraja.

Karani wa Gati

Ahsanteni sana. Mama Pacha, marahaba. Binti, umefanya vyema kutukumbusha.

Kwa waliouliza faraghani tarehe ya kwenda: meli za maziwa zitaonekana kuanzia wiki ya mwisho ya Machi, lakini meli za baharini hukawia, kwa sababu zina safari ya takribani kilomita 3,700 kutoka Atlantiki kupitia njia ya Mto St. Lawrence, ambayo nayo hufungwa wakati wa baridi. Ya kwanza kufika baada ya njia hiyo kukamilika ilikuwa Ramon de Larrinaga ya Uingereza, tarehe 3 Mei 1959, na siku hizi kwa kawaida hufika kabla ya hapo. Mwaka wa barafu nyingi hesabu zote huvurugika. Mwaka 2014 mabonge yalikuwa bado yanaelea ziwani mwanzoni mwa Juni. Mimi nitangojea taarifa ya meli ya baharini ya kwanza ndipo nitoke. Gari lina nafasi mbili nyuma. Anayetaka aniandikie, na aje na koti lake, maana la ziada sina.