Naombeni ushauri: giza kwenye hadithi yangu ya kisayansi halitishi

Kalamu ya Usiku
Habari za humu wakuu. Naandika hadithi ya kubuni ya kisayansi: watu wanne wako kwenye kituo upande wa mbali wa Mwezi, umeme unakatika. Usiku wa kule unakaribia siku 14 za huku kwetu, na Dunia haionekani kabisa angani. Nimeweka viumbe wenye makucha, lakini walionisomea wanasema hawajaogopa. Niongeze viumbe au niwaondoe? Kazi hii naipenda sana, nisaidieni.

Mama Zawadi
Waondoe, mwanangu. Tafuta "Nightfall" ya Isaac Asimov, ya mwaka 1941. Sayari ina majua sita, watu hawaujui usiku. Giza huwafikia mara moja kila baada ya miaka 2,049. Hakuna zimwi humo. Watu wanarukwa na akili kwa giza lenyewe na nyota wasizowahi kuziona, wanachoma miji yao wapate mwanga. Kinachowamaliza ni moto wao wenyewe!

Msomaji wa Lindi
Mama kasema kweli, ila mimi kiumbe mmoja ningembakiza, asionekane. Hofu hii ina chanzo. Watafiti walichambua mashambulizi ya simba kwa watu huku kusini mwa Tanzania, ya kuanzia 1988 hadi 2009. Hatari ilipanda siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo za usiku, kwa kuwa mwezi unachelewa kuchomoza na simba ana njaa. Kwa hiyo msomaji ajue mapema giza linaingia saa ngapi, halafu mcheleweshe huyo kiumbe.

Fundi Miwani
Mkuu, tumia macho yao. Jicho huchukua kama nusu saa kulizoea giza. Tena pale katikati ya jicho hakuna seli za kuonea gizani: kitu hafifu ukikikodolea kinapotea, ukitazama pembeni kidogo kinarudi. Mtu wako aone kitu kando ya mlango, akikigeukia hakipo. Kisha mmoja awashe tochi mara moja tu, wote wanaanza upya kutoona.

Kalamu ya Usiku
Shikamoo Mama, na asanteni wote. Viumbe nawafuta leo, nabaki na mlango. Tochi aiwashe nani, yule kijana mwoga?

Mama Zawadi
Marahaba. Hapana, kiongozi wao. Kijana wenzake wanamtarajia afanye hivyo, kwa hiyo watakuwa wamemnyang'anya tochi mapema.